Salfa haina kesi baharini

Swali lilitoka kwa mzee mmoja wa Msanga Mkuu, ng'ambo ya mji wa Mtwara. Ilikuwa Julai, msimu wa kupuliza mikorosho dawa ya ukungu, na wavuvi walikuwa wamekusanyika chini ya mwembe kumsikiliza mtaalamu aliyevuka na kivuko asubuhi hiyo kuwaambia kwamba bahari inaongezeka tindikali. Upande wa mashamba mashine za kupulizia zilikuwa zinanguruma. Mzee akasimama, akakaza kikoi chake, akasema: "Mwanangu, salfa hii tunaipuliza miaka mingi sasa. Upepo ukivuma, ule unga wa njano unafika mpaka pwani. Mvua zikianza, uliobaki unashuka baharini. Sasa hiyo tindikali unayoisema si ndiyo hii?"

Watu wakaguna kumuunga mkono. Mtaalamu akajibu kwa mkato kwamba hapana, ni mabadiliko ya tabianchi, akarudi kwenye karatasi yake.

Nimelifikiria sana jibu lile. Mzee alikosea hesabu, lakini namna yake ya kufikiri ilikuwa nzuri kuliko ya mtaalamu: alitazama kinachofanyika kijijini kwake, akauliza kinaishia wapi. Mtaalamu alikuwa sahihi kuhusu bahari kuu. Kwa ghuba ile tuliyokuwa tunaiangalia, na ngalawa zake na mikoko yake, alitupa nusu ya jibu akalifunga kama zima.

Tuimalize salfa kwanza, maana mzee anastahili kujibiwa. Salfa ikianguka udongoni, bakteria huigeuza kuwa tindikali ya salfuriki. Si dogo hilo: tani moja ya salfa ikigeuka yote, huhitaji takribani tani tatu za mawe ya chokaa kuituliza, na udongo wetu wa kichanga hauna nguvu kubwa ya kujitetea. Kesi hiyo ipo, lakini ni kesi ya shamba, na mahakama yake ni Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Ikifika baharini, hadithi inabadilika. Kila lita ya maji ya bahari tayari ina karibu gramu 2.7 za salfeti, ndugu wa salfa aliyekwisha kutulia, na ina akiba yake ya magadi inayomeza tindikali ndogondogo bila kutikisika. Kwenye mizani ya dunia, binadamu hutoa takribani tani bilioni 40 za hewa ukaa kila mwaka kwa kuchoma mafuta, makaa ya mawe na gesi, kutengeneza saruji na kufyeka misitu. Bahari inameza kama robo yake. Ukiweka tani bilioni 10 upande mmoja na salfa ya wakulima wote wa korosho wa kusini upande wa pili, mizani haitajua kama kuna kitu kimewekwa huku.

Hewa ukaa hiyo ikiingia majini huwa tindikali hafifu, ile ile inayochoma ulimi kwenye soda. Tindikali hupimwa kwa pH: chini ya 7 ni tindikali, juu yake ni upande wa magadi. Uso wa bahari kuu, uliokuwa na pH ya takribani 8.2 kabla ya enzi ya viwanda, sasa uko karibu 8.1. Kipimo hiki kinadanganya macho. Kikishuka tarakimu moja nzima, tindikali imezidi mara 10. Kwa hiyo huko kushuka kwa sehemu moja ya kumi, kunakoonekana kama senti iliyodondoka, ni ongezeko la zaidi ya robo ya ile nguvu inayoifanya ndimu iwe kali.

Hapa ndipo wengi wetu tunaoandika tunapotia chumvi. Utasoma kwamba bahari "imegeuka tindikali", na msomaji anapata picha ya betri ya gari iliyopasuka. Bahari ya 8.1 bado iko upande wa magadi na itabaki upande huo hata kwa makadirio mabaya ya mwisho wa karne hii. Hakuna miguu ya mchokoaji itakayoungua. Tatizo ni la uashi.

Nenda Mikindani ukaziangalie zile nyumba za kale, au vuka Kilwa Kisiwani utazame Husuni Kubwa, iliyosimama tangu karne ya 14. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Mwashi wa nyumba zile alimwiga mwashi mwingine aliye chini ya maji, mdudu wa tumbawe, ambaye naye hujenga kwa chokaa. Malighafi yake ni kalisiamu, iliyojaa tele baharini, na kaboneti, ambayo haijajaa tele. Hewa ukaa inapoingia majini, sehemu yake kubwa huchukua kaboneti na kuigeuza kuwa bikaboneti, kitu ambacho mwashi wetu hukitumia kwa shida. Yaani fundi anakuja kazini asubuhi, anakuta mchanga upo, maji yapo, lakini mifuko ya chokaa imepungua. Atajenga, ila polepole, kwa nguvu nyingi zaidi, na ukuta utakuwa mwepesi. Chaza na kombe wanajenga hivyo hivyo, na wanaoumia zaidi ni watoto wao, wale wa siku mbili tatu ambao ndiyo kwanza wanatafuta ganda la kwanza. Maji ya joto kama yetu bado hayayeyushi tumbawe lililo hai. Yanamchelewesha mjenzi, wakati wabomoaji hawachelewi: joto lililopausha miamba mwaka 1998 na tena baadaye, na baruti za wavuvi haramu ambazo pwani hii inazijua vizuri mno.

Hadi hapo mtaalamu wa kivuko angekubaliana nami. Tunapoachana ni pale anapoishia.

Maji ya bahari kuu hubadilika polepole, na kwa sababu hiyo mabadiliko yake yanasomeka. Tangu mwaka 1988 watafiti wanapima maji ya kituo kimoja kaskazini ya Hawaii, na mstari wa pH unashuka sambamba na hewa ukaa inavyopanda angani kutoka takribani sehemu 280 kwa milioni kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420 leo. Ukisimama pale katikati ya maji, kilomita zipatazo 100 kutoka choo cha karibu, unaweza kunyoosha kidole kwa moshi wa dunia bila wasiwasi.

Pwani haisomeki hivyo. Watafiti waliopima maji ya Ghuba ya Chwaka, Unguja, na kuchapisha mwaka 2009, walikuta pH kwenye nyasi bahari ikitembea kutoka 7.9 hadi zaidi ya 8.9 kati ya usiku na mchana. Tarakimu moja nzima ndani ya siku moja, wakati mabadiliko ya bahari kuu kwa zaidi ya miaka 200 ni sehemu moja ya kumi tu! Sababu yake kila mtoto aliyesoma sayansi darasa la tano anaijua. Mchana nyasi zinajitengenezea chakula, zinanyonya hewa ukaa, maji yanapoa tindikali. Usiku kila kiumbe anapumua na hakuna anayenyonya. Na mwani wa chokaa uliomea karibu na nyasi hizo ulijenga haraka zaidi, kwa sababu jirani yake alikuwa anamsafishia maji.

Sasa fikiria afisa anayetoka mjini baada ya chai, anafika ufukweni saa saba mchana maji yakiwa yamekupwa, anachovya kifaa chake kwenye dimbwi la nyasi, anasoma 8.6, anaandika kwenye ripoti kwamba bahari yetu ni salama. Mwenzake anakuja alfajiri, anachovya mlango wa mikokoni wakati maji yanatoka, anasoma 7.5, anaandika kwamba tumekwisha. Wote wawili wamepima sawasawa na wote wawili hawajapima kitu. Maji yanayotoka mikokoni huwa na tindikali kwa asili yake, kwa sababu ya majani yanayooza kwenye tope, na bado maji hayo hayo hubeba akiba ya magadi kwenda nje. Mikoko ilifanya hivyo kabla hajazaliwa mtu wa kuipima.

Lakini kuna yale ambayo si ya asili, na haya ndiyo mtaalamu alipaswa kuyasema chini ya mwembe.

La kwanza linanuka. Mtwara na Lindi nyumba nyingi zinategemea mashimo ya choo, na ardhi ya pwani ni mchanga na miamba yenye matundu. Kinachoingia shimoni hakikai shimoni. Rutuba yake ikifika ghubani, mwani huota kwa fujo, mchana unapandisha pH, kisha unakufa, unazama na kuoza. Kuoza ni kupumua, na kupumua ni hewa ukaa, ile ile, isipokuwa hii haikutoka kwenye bomba la kiwanda cha ng'ambo. Imetoka Chikongola, imetoka Mikindani. Ghuba iliyojifunga, ambayo maji yake hayabadilishwi haraka na bahari ya nje, inaweza kujipatia tindikali ya nyumbani juu ya ile iliyoletwa na dunia.

La pili ni tope la mikoko. Ukilichimba, linatoa harufu ya yai viza. Harufu hiyo ni dalili ya salfa iliyofungwa humo kwa karne nyingi, bila hewa, pamoja na chuma. Ikibaki chini ya maji haina ugomvi na mtu. Kata mikoko, jenga tuta, kausha tope ili upate mabwawa ya chumvi au ya kamba, nayo inakutana na hewa na kugeuka tindikali ya salfuriki halisi. Utayaona maji ya kutu yakichuruzika mtaroni. Mzee wetu, kumbe, alikuwa anamtafuta mtuhumiwa mwenye jina sahihi katika anwani isiyo sahihi: salfa ya kumshtaki haiko kwenye mfuko wa korosho, iko chini ya mikoko tunayoifyeka.

La tatu ni tanuri, na hapa naomba subira ya msomaji, kwa sababu nililiona likichomwa nikiwa mdogo na sijalisahau. Magogo hupangwa duara, tabaka juu ya tabaka, mengi yakiwa ya mikoko kwa sababu moto wake ni mkali na haukati. Juu yake yanamwagwa matumbawe, mengine meupe yaliyokauka juani, mengine bado yana ute na harufu ya samaki. Linawashwa jioni. Usiku kucha pwani inang'aa na moshi unakwenda na upepo. Asubuhi yale mawe yana umbo lile lile, tawi la tumbawe ni tawi, tundu ni tundu, lakini ukilinyanyua ni jepesi kama mkate mkavu. Ukilinyunyizia maji linachemka lenyewe, linapasuka na kuwa unga.

Uzito ule ulikwenda wapi? Kilo 100 za tumbawe kavu likichomwa vizuri hutoa takribani kilo 56 za chokaa. Kilo 44 zimepaa, na hizo ni hewa ukaa tupu, bila kuhesabu kuni. Nikiri jambo moja kwa haki: chokaa ikipakwa ukutani huivuta tena hewa hiyo kidogokidogo kwa miaka inavyokauka, kwa hiyo kuta za Mikindani zilikwishalipa sehemu ya deni lao. Mikoko iliyochomwa haikulipa, na mwamba uliong'olewa haukurudi. Kuvunja matumbawe ni kosa kisheria, na matanuri si mengi kama zamani. Ila ukiniuliza ni tendo gani la mkono wa binadamu linaloidhulumu bahari kwa wakati mmoja pande zote, linalomwondoa mwashi, linachoma nyumba yake, linakata msitu unaomlinda na kuongeza moshi unaomwibia chokaa, nitakuonyesha tanuri moja la Mtwara kabla sijakuonyesha kiwanda chochote.

Mito ina sehemu yake. Lukuledi unaingia Ghuba ya Lindi, Ruvuma unamwagika mpakani, na maji baridi kwa kawaida yana akiba ndogo ya magadi kuliko ya bahari, hivyo mafuriko makubwa huipunguzia ghuba kinga yake kwa siku kadhaa. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipokata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, sisi waandishi tulihesabu malori yaliyokwama. Hatukuuliza ghuba zilikunywa nini.

Na mto unaweza kufanya kinyume. Mississippi, kule Marekani, umekuwa ukibeba bikaboneti nyingi zaidi kwenda baharini kuliko zamani kwa sababu ya kilimo, ikiwemo chokaa inayomwagwa mashambani. Ndiyo maana nasema mkono wa binadamu pwani hausukumi upande mmoja tu. Unaweza kuongeza tindikali, unaweza kuipunguza, na unaweza kufanya yote mawili katika ghuba moja, mwaka mmoja. Anayekwambia kila badiliko la pH ufukweni ni tabianchi hajachunguza. Anayekwambia kila badiliko ni uchafu wa wananchi naye anatafuta wa kumtupia mzigo.

Nchi hii ina tabia hiyo. Siku hizi "tabianchi" imekuwa gunia. Kila kinachotushinda tunakitia humo na kulifunga kamba. Samaki wamepungua, tabianchi. Ufukwe umeliwa, tabianchi, hata kama mchanga wake uliondoka kwa malori. Uzuri wa gunia hili kwa mwenye cheo ni kwamba aliyelijaza yuko mbali na hatakuja kikaoni. Kwa upande wa pili kuna wale wanaomkemea mama mchokoaji na ndoo yake ya chaza kana kwamba yeye ndiye aliyeivuruga bahari. Sehemu ya Tanzania katika moshi wa mafuta, makaa ya mawe na gesi wa dunia haifiki moja ya kumi ya asilimia moja. Hilo lisemwe kwa sauti kila mkutano, na lisigeuzwe ruhusa.

Maana gesi ipo. Ya Songo Songo inachomwa tangu 2004, ya Mnazi Bay inasafiri kwa bomba kubwa tangu 2015, na ule mradi wa kugandisha gesi unaosubiriwa Lindi ukijengwa, moshi wake mwingi utahesabiwa kwenye vitabu vya nchi za wanunuzi. Bahari haisomi vitabu hivyo. Mimi si mpinzani wa gesi. Watu wa kusini waliisubiri na kuililia, na inachafua pungufu kuliko makaa ya mawe. Nataka tu tusijifanye hatuijui inakopaa.

Tufanye nini, basi? Jibu langu ni dogo na la gharama ya wastani: tupime, na tupime mahali pawili.

Jiografia imetupendelea. Mkondo wa Ikweta ya Kusini unavuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, unapita ncha ya kaskazini ya Madagaska na kuja kuigonga Afrika karibu kabisa na mpaka wetu na Msumbiji. Hapo unagawanyika, tawi moja likienda kusini na jingine kupanda kuelekea Mafia, Dar es Salaam na Unguja. Kwa hiyo Mtwara ni mlango. Maji yanayopiga mwamba wa nje wa Ruvula ni ya bahari kuu, yamekuja na hesabu ya dunia nzima, na kina kirefu kiko karibu kuliko sehemu nyingi za pwani hii. Weka kipimo kimoja pale, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Weka cha pili ndani ya Ghuba ya Mikindani, ambako mji unamwaga na mikoko inapumua. Viachwe vifanye kazi usiku na mchana, bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, na pamoja na pH vipime joto, chumvi na ile akiba ya magadi. Kinachosomeka Ruvula tutampelekea mwenye moshi. Tofauti kati ya Ruvula na Mikindani, ukishatoa pumzi ya kawaida ya mikoko na nyasi, ni ya kwetu.

Kupima si anasa ya wasomi. Katikati ya miaka ya 2000 kituo cha kuzalisha chaza pale Netarts, jimbo la Oregon, kilianza kupoteza watoto wa chaza kwa mamilioni. Walidhani ni bakteria, wakasafisha, wakabadilisha vyombo, vifo vikaendelea. Walipopima maji kwa makini ndipo wakaona kwamba upepo wa kaskazini ukivuma, maji ya vilindini yenye hewa ukaa nyingi yanapanda na kuingia mabomba yao. Wakaanza kuvuta maji saa za mchana, nyasi zikiwa kazini, na kuyatia magadi. Ndiyo, magadi, ndugu wa yale tunayolainishia maharage. Wakaokoa biashara yao. Hatuwezi kutia magadi Bahari ya Hindi, lakini siku kijana wa Mtwara atakapotaka kuanza kituo cha kufuga chaza, swali la kwanza atakalohitaji kujibiwa ni saa ngapi avute maji, na jibu halipatikani kwa kuangalia anga.

Watu wa kazi hiyo tunao. Chuo cha uvuvi kiko Mikindani, hatua chache kutoka majini. Akina mama wa mwani wanaingia baharini kila bamvua, wanaijua kila nyasi, na wangechukua sampuli kwa saa sahihi kuliko afisa yeyote wa baada ya chai, mradi walipwe kama wanavyolipwa wengine wanaokusanya takwimu. Kinachokosekana ni mtu mwenye fungu la fedha wa kuona kwamba namba mbili za kudumu zina thamani kuliko semina kumi.

Nilikutana tena na yule mzee, safari hii kwenye kivuko, gunia la korosho miguuni pake. Nikamweleza habari ya salfa ya tope na ya mfuko. Alisikiliza mpaka tukakaribia gati la mjini, akaniuliza kama sasa najua bahari yao ina tindikali kiasi gani. Nikamwambia sijui, baba, hapajapimwa. Akanyanyua gunia lake, akashuka.